Wimbo Wangu Umelainishwa, Adui Yangu Ananiomba Radhi

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ingawa kuomba sijazoea. Nina miaka themanini na moja, nimeizika bendi yangu nzima isipokuwa mpiga ngoma, nimeona bei ya kahawa ikifa na kufufuka, nimemzika hata daktari aliyenikataza nyama ya mbuzi. Shule niliishia darasa la tatu, lakini hapa Akheri hajatokea mtunzi kama mimi, hata wanaonichukia, nyimbo zangu wanazijua kwa moyo.

Sasa mjukuu wangu Elinipa, anayefanya kazi studio kule Engutoto, alikuja akasema babu, shikamoo, tunataka wanamuziki vijana wazirudie nyimbo zako, kila mmoja kwa namna yake, iwe albamu moja, nikasema marahaba, rudieni, mtashindwa tu, kumbe nimejiroga mwenyewe, maana ule wimbo mkali kuliko zote, niliomtungia jirani yangu Eliud alipokuwa akiziba mfereji ili maji yaishie kwenye migomba yake, wimbo uliomfanya asipite sokoni Kikatiti bila watoto kumwimbia, wamempa binti anaitwa Nice, naye akaondoa ngoma, akaondoa tarumbeta, akabaki na gitaa moja anaimba taratibu kama anayembembeleza mgonjwa, na maneno ni yale yale yangu, "Eliud ndugu yangu, migomba inakufa nawe unaangalia," sasa wanaupiga harusini, watu wanakatia keki.

Hilo ningelimeza. Lakini wiki iliyopita Eliud mwenyewe alikuja getini na jani la isale mkononi, na wewe ujue kwetu mtu akikuletea isale kuomba radhi humkatai, ni mwiko tangu mababu. Nikamwambia, "Miaka yote nimekuimbia hukuja, leo umekuja kwa ajili ya binti?" Akasema, "Naftali, ulipoimba wewe nilisikia matusi tu. Huyu mtoto kaimba, nikasikia migomba yako." Nikamwambia asubiri, nikaingia ndani nikakaa, mpaka akachoka, akalichomeka jani kwenye ua akaenda zake. Mke wangu Marta amenuna, akifungua mdomo ni hilo tu, "Baba Manase, jani linakauka, unangoja nini, akuletee na shina?" Elinipa naye anataka Jumapili kwenye uzinduzi mimi na Eliud tukae viti vya mbele pamoja. Mshauri, nikilipokea lile jani, wimbo wangu utabaki na kazi gani? Na nikilikataa, watu watasema nini?

Kama unadhani naongeza chumvi, muulize Efraimu mpiga ngoma, yupo hai, ila mpigie asubuhi, mchana husinzia. Muulize Marta. Muulize hata Eliud, kwa hili tu namruhusu anitetee.

Naftali, Akheri


Mzee Naftali, shikamoo. Umri wako nauheshimu, kiburi chako hapana.

Ulitunga wimbo ili mtu aone alichokutendea. Ameona. Kinachokuchoma ni kwamba hakuona kwa sauti yako. Pole, baba, najua inauma mtoto wa juzi kufungua kwa kidole mlango uliokuwa ukiupiga mateke tangu ujana. Lakini "ndugu yangu" uliliandika wewe, binti hakuongeza kitu. Wewe ndiye uliyelifunika kwa tarumbeta.

Unauliza watu watasema nini? Mtu aliyemwimba jirani yake mpaka sokoni hana ruhusa ya kuogopa midomo ya watu. Unauliza wimbo utabaki na kazi gani? Si umesema wanakatia keki. Kazi gani nyingine unautafutia?

Sasa sikia. Chomoa hilo jani kwenye ua, uende nalo kwa Eliud kwa miguu yako, umwambie umelipokea. Usimngoje arudi, yeye ameshakuja, na wewe ukamwacha amesimama getini kama muuza sabuni. Ukifika usimweleze wimbo ulitungwaje. Usimkosoe binti. Na tafadhali sana, usiimbe.

Nenda leo, mzee wangu. Mkingoja Jumapili, kwa umri wenu, mmoja anaweza kuusikiliza huo wimbo peke yake.