Madoa amerudi mwenyewe

Butiama, Jumatano

Bado namsikia Madoa akicheua zizini, na bado siamini.

Nilimnunua mnadani Kiabakari Jumamosi. Ng'ombe mgeni hufungiwa kwanza azoee zizi, ila nilimwonea huruma, leo nikamtoa akale majani na wenzake wawili. Mchana akatoweka. Niliona ufugaji wangu umeishia hapo.

"Huyo kesharudi kwao," mama alisema. "Chuoni mlikuwaga mnasoma nini, mwanangu?"



Jioni akatokea peke yake, tumbo limejaa, akasimama mlangoni pa zizi bila wasiwasi wowote. Mgongo ule, utulivu ule! Mimi nimezaliwa hapa, na tangu nirudi bado najihisi mgeni. Yeye siku chache tu...

Mama akacheka. "Haya, mfungulie mwenye mji."