Kaseti ya Madam Ntinyari

Mwenda, lala tu huko kwa nesi. Kwa huzuni kuu nakutangazia kwamba Kithinji wetu amekwisha.

Unajua ile kompyuta yake ya vipande vibovu vya duka la Vasant? Jana iliwaka na kufanya kazi! Akatafuta kaseti ya kuhifadhia gemu lake, maana kompyuta ile huandika kila kitu kwa milio, akaokota moja kwenye droo ya chumba cha muziki, akarekodi juu yake. Ati haikuwa na jina.

Haikuwa na jina!

Leo kanisani Madam Ntinyari wa muziki akasema kwaya isikilize wimbo alioimba marehemu mama yake. Nakala ni kaseti hiyo moja tu. Akabonyeza. Spika zikalia kriiiiii! Shule nzima ikaziba masikio. Mimi nilicheka, Mungu anisamehe.

Kithinji akasimama. Mwenda, alisimama mwenyewe! "Madam, hilo ni gemu langu."

Tukangoja viboko. Madam hakupaza hata sauti. Alimkabidhi kaseti kwa mikono miwili.

"Kithinji, wewe si hufufua vitu? Nirudishie mama."

Sasa yuko stoo. Amefungua kompyuta yote, vipande vimetapakaa sakafuni, na hajui aanzie wapi. Nami sina hata mzaha mmoja wa kumpa.