Mlima wa Simbamarara Wawili

Kaka yangu Shouyi,

Pokea salamu tele kutoka nyumbani. Natumaini kazi ya kiwandani haijakumaliza na unakula ukashiba. Sisi ni wazima. Mama bado anagombana na kuku wake, na mtama umeota vizuri.

Ya kusimulia ni ya Baba. Unajua tangu tuzaliwe zumari yake na ya Mzee Miao hazijawahi kupatana. Kila msiba mkubwa huitwa wote wawili, hukalishwa uso kwa uso, na atakayevuta watu wengi ndiye mshindi. Baba husema simbamarara wawili hawakai mlima mmoja, kisha anatema mate kuelekea kwa Miao.

Basi wakati wa baridi Miao aliteleza kwenye barafu, meno ya mbele yakang'oka. Bila meno, zumari haishikiki mdomoni. Baba alitembea kifua mbele kijiji kizima. Ukaja msiba wa ukoo wa Hou, akapiga peke yake. Hakukosea hata kidogo, ila watu walikula tambi zao na kupiga soga. Akarudi, akaitundika zumari ukutani, asiiguse tena. Mama akamchokoza: "Si mlima wote wako sasa? Nguruma basi!" Akajibu angurume amtishe nani, kuku? Alikuwa ananyauka, Kaka. Niliogopa tutamzika.

Sasa kaa chini kwanza. Zile fedha ulizomtumia akatengeneze meno yake yanayocheza, ziko mdomoni mwa Miao. Baba mwenyewe alimpeleka mjini, wakitukanana njia nzima, akamwambia daktari ayatie imara: "Nataka kumshinda mtu, sio kibogoyo!"

Juzi wakakalishwa tena uso kwa uso. Miao alimgaragaza Baba. Umati wote ulihamia kwake, hata Mama. Baba alirudi akilaani mpaka mlangoni, akala mabakuli mawili akitafuna upande mmoja, kisha akaenda mtoni kufanya mazoezi.

Nimeuwaza sana ule msemo. Nadhani waliousema walitazama mapigano wakaondoka. Hawakubaki kumtazama aliyeshinda.

Usimkasirikie. Mama anakusalimu sana, anasema uvae vizuri. Baba hana salamu, hajarudi bado. Tunamsikia kutoka huku, anaurudia wimbo uliomshinda, na nimelia kwa furaha.

Ni mimi mdogo wako,
Caixia