Sifuri Mbele ya Jina la Baba

Solvik, 22 Oktoba 2007

Mwanangu Synnøve,

Hujambo? Mimi mzima, ila goti lanisumbua kwa baridi. Ile orodha ya kila mwaka, ya kodi aliyolipa kila mtu, imetoka gazetini, na mbele ya jina langu pana sifuri. Miaka thelathini natengeneza mashua za watu hapa, na sikuwahi kukosa kuwa kati ya watano waliolipa zaidi. Leo dukani, kwenye kahawa, Asbjørn kaniambia, "Torgeir, kunywa tu, hata barabara tunakulipia." Wakacheka wote. Tangu uifanye karakana yangu kampuni, mimi nimekuwa nani?

Baba yako

Bergen, 29 Oktoba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Pole na goti. Kodi imelipwa, ila aliyelipa ni kampuni, na orodha ile ni ya watu tu. Faida ikibaki humo, wewe huna pato, huna kodi. Ukiichukua mkononi, itakatwa mara ya pili. Nilitaka uzeeke bila shida. Waache waseme, watachoka. Krismasi nakuja.

Binti yako

Solvik, 8 Novemba

Mwanangu,

Salamu. Nilimweleza Asbjørn kama ulivyoandika. Akaniuliza, "Kwani kampuni ndiyo iliyotibiwa goti kwa kodi zetu?" Sijarudi tena kwenye kahawa. Nakuomba unirudishe nilivyokuwa. Nikatwe hata mara mbili.

Baba yako

Bergen, 17 Desemba

Baba,

Shikamoo. U hali gani? Huo ni ujinga, Baba, na nasema kwa mapenzi. Kazi zimenibana, Krismasi sitaweza. Tutaongea Pasaka.

Binti yako

Bergen, 20 Oktoba 2008

Baba,

Leo sikuulizi hali. Pasaka nilikuja, lakini kukuzika.

Orodha ya kodi za mwaka jana imetoka. Wewe ndiye wa kwanza Solvik nzima. Kumbe ile Desemba uliitoa faida yote, ukakatwa mara ya pili, wala hukuniambia. Ungeniambia vipi, nami nimeshakuita mjinga?

Asbjørn kanipigia simu. Alilisoma jina lako kwa sauti pale dukani. Kaniambia alikuwa anatania tu, na kwamba kila asubuhi walikuwa wakikumiminia kahawa yako, ikapoa, wakaimwaga. Hakujua kwamba umeumia. Mimi nilijua, Baba. Uliniandikia.

Binti yako