Ncha ya Mwanzi wa Sekenke

Jumanne, 9 Julai 2024

Ncha ya mwanzi wangu wa kuvulia imevunjika. Juzi Jumapili, kati ya saa tatu na saa saba, nikiwa kanisani. Aliyevunja ni Melkizedeki, mdogo wangu wa tumbo moja. Siku sita kabla ya safari!

Mwanzi ule aliniachia marehemu mzee Hosea, mpimaji wa madini niliyempikia miaka minne kule Sekenke. Ndiye aliyenifundisha kuvua kwa nzi wa manyoya: huweki chambo, unarusha mshipi nyuma na mbele mpaka nzi atue majini kama mdudu hai. Vipande vitatu, umri wake unazidi wangu. Hili duka la spea nimelijenga mwenyewe, tofali kwa tofali. Cha kuachiwa na mtu ninacho hicho kimoja tu.

Mel anasema alikuwa anapiga alizeti, akaokota fimbo ya karibu. "Dada, si fimbo tu?" Fimbo! Inalala ndani ya bomba, kifuniko unazungusha mara tano, halafu kuna mfuko wa kitambaa wenye kamba. Nani anafungua vyote hivyo kutafuta fimbo ya kupigia alizeti, na uani kwake miti imejaa?

Jumatano, 10 Julai

Safari iko palepale. Jumamosi, ziwa Kitangiri kwa pikipiki, siku mbili, peke yangu. Maji lita 12. Nzi 24, wote manyoya ya shingo ya jogoo wangu mwekundu. Fimbo mpya ya faiba, futi tisa, bado inanukia plastiki. Hiyo ya kambare. Perege wa ukingoni niliwawekea mwanzi. Sasa?

Janeth, mke wa Mel, kapita dukani. Kaangalia manyoya yangu, kacheka: wifi, kwani unakwenda kuvua samaki au kanga? Sikucheka. Akaomba guta langu, lile la magurudumu matatu la kubebea mizigo, kesho ni zamu yao kwenye mashine ya kukamua, magunia 31. Nikasema chukueni.

Alipoondoka nikachomoa plagi ya guta. Iko kwenye sidiria yangu.

Alhamisi, 11 Julai

Zamu yao imepita! Mel kaja saa nne, jasho tupu. "Shikamoo dada. Guta haliwaki."

Marahaba. Labda, nikamwambia, mtu kaona plagi akadhani ni jiwe tu.

Kaelewa. Zamu nyingine ni wiki ijayo, na mbuzi wa jirani wameshatoboa magunia mawili. Nimekula ugali wangu kwa raha zote.

Mwezi wa nne aliniomba nimchukue Kitangiri, nimfundishe. Nikamjibu mikono yake ni ya jembe. Ndiyo maana kanivunjia — kisasi. Nina hakika kabisa.

Ijumaa, 12 Julai

Asubuhi nimefungua rili ya ule mwanzi, kigurudumu cha kuzungushia mshipi, kuipaka grisi. Mshipi una vumbi jekundu na makapi ya alizeti. Mtu akipiga alizeti, rili ya nini?

Nikaenda shambani kwa Mel. Kwenye ua wa michongoma, nzi wangu! Kanasa kwenye mwiba, kipande cha mshipi kinaning'inia. Na chini, alama za visigino pale aliposimama. Hakupiga alizeti. Alikuwa anarusha! Nzi alinasa, Mel akavuta kama anavuta ng'ombe, ncha ikakatika.

Nikapima kwa hatua, kutoka alama za visigino hadi kwa nzi. 19. Nikarudia. 19. Mara ya tatu, 19.

Mimi kwa mwanzi ule, miaka 21, sijawahi kupita 16.

Sasa ni saa kumi jioni. Wako hapa dukani wote wawili, wamefuata plagi. Janeth anasema, dada mtu, msamehe, yaishe. Hayaishi! Nimemwambia Mel mbele ya mkewe: sitaki pole, sitaki hadithi ya alizeti. Ulikuwa unarusha, ndiyo au hapana? Kaketi kwenye ngazi, anachora vumbi kwa kidole. Janeth kamsukuma bega: si useme! Anaendelea kuchora.

Nimemwambia tena: kesho saa kumi na mbili kamili nawasha pikipiki, na kiti cha nyuma kitupu. Kabla ya hapo nataka neno moja, Mel. Ndiyo au hapana.