Sisi Hatunywi Maji ya Mto

Nyumba ya tatu kutoka darajani,
upande wa chini.
14 Agosti

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. U hali gani huko uliko? Kifua kimepona, au bado unakohoa na kujifanya mzima? Wifi yangu hajambo, na wanao? Sisi huku tunapumua. Mimi mgongo unaniuma kwa kuinamia cherehani, maana shule zinakaribia kufunguliwa na kila mzazi ndiyo kwanza anakumbuka sare. Mama yupo. Habari zake nitazifikia, usirukie mwisho kama kawaida yako.

Kwanza nitoe dukuduku. Lile bomba ulilotuwekea uani halitoi maji. Usidhani limeharibika juzi. Mwaka jana wote lilitoa siku moja kwa wiki, na tangu mwezi wa pili halijatoa hata tone. Katika barua zangu zote nilikwambia linamwaga. Nilikuwa nakudanganya, Kaka. Niliona haya, kwa jinsi ulivyohangaika kulileta. Tunachota mtoni, chini ya daraja, kama tulivyokuwa watoto, ila siku hizi huko juu kuna kiwanda cha ngozi na maji yanashuka na povu.

Sasa sikiliza. Mwezi wa tano walikuja watu wa maji wa serikali. Walikuwa wanaweka malengo ya miaka kumi ya usafi wa mto, na safari hii, eti, wananchi nao waseme. Wewe mwenyewe uliniandikia niende, nisikae nyuma. Nikaenda. Nilivaa gauni langu la bluu, nikamshika mama mkono, tukakaa mbele kabisa katika darasa la shule ya msingi, kwenye madawati ya watoto, magoti yamekaribia kidevu.

Afisa alikuwa kijana mpole. Aliuchora mto ubaoni, akaukata vipande. Kila kipande, alisema, kitawekewa lengo kulingana na kazi yake. Panapochotwa maji ya kunywa, lengo litakuwa maji ya kunywa, na kiwanda kitalazimishwa kusafisha taka zake kabla ya kuzimwaga. Pasipochotwa, lengo ni maji ya kufulia na kumwagilia bustani, basi. Kisha akauliza, bila ubaya wowote, ni nani hapa anayekunywa maji ya mto.

Nyuma yangu alikaa msusi, yule jirani niliyemringia bomba letu miaka yote. Pembeni alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma tunayemwita Cheche. Asubuhi ile ile tulikutana naye mtoni, kila mtu na ndoo yake, tukajifanya hatujaonana. Basi mimi, na mdomo wangu huu, nikasimama. "Sisi hatunywi maji ya mto," nikasema. "Kwetu kuna bomba." Cheche akadakia kwamba hata kwake lipo. Msusi naye akasema mto ni wa kufulia mazulia tu. Wakaendelea kupokezana hivyo mpaka mlangoni, watu wazima na akili zao.

Mama akanyoosha mkono.

"Mimi nayanywa," akasema. "Na huyu mwanangu ndiye anayenichotea."

Watu wakacheka. Unajua nilifanya nini? Nilicheka nao. Nikamwambia afisa asimjali, mama amezeeka, siku hizi anachanganya mambo. Mama, anayekumbuka siku ya kuzaliwa ya kila mjukuu! Alinitazama mara moja tu, akashusha mkono wake, akauweka pajani.

Mwezi uliopita malengo yalitangazwa. Kuanzia darajani kushuka chini, mto wetu ni wa kufulia na kumwagilia kwa miaka kumi ijayo. Wamesimika kibao pale pale tunapochotea, MAJI HAYA SI YA KUNYWA, na chini yake kwa herufi ndogo wameandika kwamba lengo limewekwa kwa maoni ya wananchi. Utasema wamedanganya? Kiwanda kimefurahi mno, kimetupakia rangi shule.

Nilikwenda ofisini kwao. Karani akaniambia muda wa maoni umekwisha. Nikamwambia sikuleta maoni, nimekuja kusema kwamba nilidanganya. Akafungua droo, akapekua kweli, maskini, akasema fomu ya namna hiyo hawana. Nilimporomoshea maneno ambayo hayakumstahili. Lakini nao, Kaka, nawalaumu. Wangeshuka hatua mia mbili tu kutoka pale shuleni wangeiona njia ya mtoni ilivyokanyagwa. Walitaka kusikia tu, nasi tukawasikilizisha.

Sasa habari za mama. Tangu siku ile ya mkutano amelazwa mara mbili. Daktari anasema kuchemsha kunaua vijidudu, lakini dawa za kiwanda hakuziondoi, na figo zake zimeanza kuchoka. Nimwachishe maji hayo kabisa. Naletewa dumu moja la maji safi kila Jumapili kutoka ng'ambo ya mji, na hata Jumatano halifikishi. Likiisha nampa ya mto. Nifanyeje?

Hajanilaumu hata siku moja. Afadhali angenitukana. Nikimpelekea kikombe anakipokea kwa mikono miwili, ananiuliza kwa upole, "Haya ni ya bomba, sivyo?" Nami najibu, "Ndiyo, mama." Anakunywa.

Njoo umchukue. Sikuombi kingine chochote. Atakataa, atasema haachi nyumba yake, wewe mchukue hivyo hivyo. Mimi nitabaki na mto wangu, niliuomba mwenyewe.

Msalimie wifi, na binti yako mkubwa anayesomea sheria, mwambie shangazi yake angehitaji wakili. Msusi na Cheche wanakusalimu, bado wanachota alfajiri wakijificha. Mungu awatunze, na bomba lenu, kila mkilifungua, litoe maji.

Mama amekaa hapa kando ya cherehani. Nimemwuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Amefikiri kidogo, amesema nikushukuru kwa bomba.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Fundi wa Sare