Mwarobaini wa Mama Mkwe

Jumatatu, 2 Machi 1998

Damu safi! Dokta Eliaichi kasema majibu yamerudi kutoka Afrika Kusini, kirusi cha ini hakionekani. Miezi sita ya sindano, kila sindano na homa yake kama ya malaria tatu kwa mpigo — kumbe hazikwenda bure. Ini likikubali, dada yangu Farida ananipa figo yake moja badala ya zangu zilizokufa, tunakwenda India mwezi wa tano. Kwaheri mashine ya kusafisha damu! Nitakunywa maji. Ndoo nzima! Naima mke wangu kalia kwa furaha, halafu kanikumbusha kwamba kwa kipimo cha dokta leo nimebakiza kikombe kimoja tu.

Jumatano, 4 Machi

Mvua. Temeke yote tope. Mama mkwe, Bi Chausiku, katoka Kawe kuja kunipongeza, viatu mkononi — na mfuko wa majani ya mwarobaini. Kachemsha mwenyewe. Eti sindano zimefukuza ugonjwa, majani yatafagia nyayo zake. Sasa mimi nimkatae mkwe? Marehemu baba alikuwa akisema, mkwe akikupikia jiwe, wewe omba chumvi. Nikanywa. Uchungu ulipanda mpaka masikioni. Na kikombe kile ndicho kilichokuwa maji yangu ya jioni!

Jumamosi, 7 Machi

Mkwe hajaondoka. Kikombe kila siku. Anasimama mbele yangu mpaka nimalize. Jana alipogeuka kujifunga khanga nikamwaga dirishani. Bata wa jirani akanywa. Leo bata anatazama ukuta tu, hasogei. Nimemwonea huruma kweli. Mti huu unatibu magonjwa arobaini, nadhani langu ni la arobaini na moja.

Jumatatu, 16 Machi

Kliniki. Mkwe kang'ang'ania kunisindikiza mpaka ndani.

Dokta kakunja uso. Damu bado safi, lakini ini linalalamika, vipimo vyake vimepanda. Anasema kirusi kinaweza kutoweka kwenye damu kikawa kimejificha ndani ya ini lenyewe. Nikishawekewa figo nitapewa dawa za kulegeza kinga ya mwili — hapo kitaamka. Kwa hiyo wataingiza sindano ubavuni wachukue kipande cha ini wakipime. India isubiri.

Halafu akauliza, kuna dawa yoyote ya kienyeji ninayotumia? Mkwe akatazama feni. Mimi nikamtazama mkwe.

"Hapana, dokta."

Mtu mzima wa miaka arobaini na mbili!

Njiani mkwe kanishukuru kwa kumsitiri. Na shukrani zake hazikuishia mdomoni: jioni vikombe viwili.

Jumatano, 18 Machi

Farida kaja kunijulia hali. Kaona kikombe, kakinusa, kanikokota mpaka uani.

"Nini hii?"

Nikamweleza, kwa sauti ya chini. Mkwe alikuwa sebuleni anapepeta mchele, na masikio yake ni mazima kuliko ini langu.

"Umemdanganya daktari kwa kumwonea haya mkweo?"

"Farida, ningefanyaje?"

"Kaka, figo yangu haihamii kwa mwongo. Keshokutwa unamwambia, la sivyo nabaki nayo. Mie imenizoea."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Naogopa. Nikisema, mkwe ataaibika mbele ya watu, na Naima atanuna hadi Idi. Lakini si hilo hasa. Mwarobaini ukiachwa na ini likaendelea kulalamika, basi kirusi kimo, na sitakuwa na wa kumsingizia. Ndiyo maana bado nakunywa. Mjinga mimi!

Ijumaa, 20 Machi

Niko kwenye benchi la kliniki, naandikia gotini. Kulia Farida, kashika shati langu nisitoroke. Kushoto mkwe, khanga mpya, mkoba mapajani. Hakualikwa. Nilipofungua mlango wa teksi alikuwa keshakaa.

Nadhani juzi alitusikia uani. Jana hakuchemsha kitu. Niliona sufuria imefunikwa kifudifudi, nikakosa amani kuliko siku za kunywa.

Bata kapona. Naima kaniambia asubuhi. Hakutibiwa, aliacha kunywa tu. Nimeishikilia habari ya huyo bata kama cheti cha hospitali.

Jina langu hilo! "Mbwana Shomari!" Farida kanisukuma. Nimeng'ang'ania benchi.

Mkwe ndiye aliyesimama. Kafungua mkoba, katoa chupa ya mwarobaini, kaishika kwa mikono miwili. Dokta yuko mlangoni anatutazama sote watatu. Sijui mkwe anampelekea dokta, au anataka mimi ninywe kwanza —